Mtungi Wangu wa Gesi na Wakubwa Wake Wote

Usalama wangu hauna upungufu wa watu wa kuuwajibikia. Kilichopungua ni mtungi wa gesi wa kilo 6, ulioibwa jikoni mwangu hapa Eastlands, Nairobi, usiku ule ule tulipoujaza, tena pamoja na sufuria ya githeri iliyokuwa juu yake.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya polisi iliyoifuata, juu kabisa yuko Inspekta Jenerali, anayeteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge na kuhudumu kwa muhula mmoja wa miaka minne usiorudiwa; chini yake wako manaibu wawili, mmoja wa polisi wa kawaida na mwingine wa polisi wa utawala, pamoja na mkurugenzi wa upelelezi wa jinai; kisha wanafuata makamanda wa ngazi mbalimbali hadi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, na chini ya OCS yuko konstebo mwenye kalamu isiyotoa wino, ambaye ndiye aliyeniangukia mimi. Kituo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa bado nakaa karibu nacho.

Konstebo aliniuliza kama namfahamu mshukiwa. Nikamjibu, "Afande, ningemfahamu, saa hizi ningekuwa kwake nikidai githeri yangu." Aliyaandika maneno hayo yote katika kitabu cha matukio, akanipa nambari ya OB, na nilipouliza ni lini wangekuja kutazama dirisha lililovunjwa, akanieleza kwa upole mkubwa kwamba gari lipo, dereva yupo, ila mafuta ndiyo hayapo, labda mwenye kesi angesaidia. Nililitazama gari hilo, nikasoma ubavuni mwake "Utumishi kwa Wote", nikapapasa mfuko, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo nimekuwa nikipita kaunta kuuliza habari za mtungi, jambo ambalo jirani yangu, mtu wa kusoma sheria bila kutumwa, ameniambia lina hatari zake. Ati Kifungu cha 245 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu upelelezi wa kosa lolote mahususi, hata Waziri mwenyewe, sembuse mpangaji anayedaiwa kodi. Nilimwambia kwamba simwelekezi mtu. Naulizia chombo changu cha kupikia.

Huyo huyo ndiye aliyenifungulia Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, ambayo inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya usalama inayoongozwa na gavana, wakiwamo wakuu wa polisi, wawakilishi wawili wa bunge la kaunti, na watu wa kuwasemea wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye mahitaji maalumu. Nimeisoma orodha hiyo mara mbili nikitafuta kiti cha walioibiwa, wala sikukiona.

Mkutano wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa wao, kwa upande wake, nilihudhuria. Tulikubaliana kwa kauli moja kwamba wananchi tuwe macho, tukachanga pesa za mlinzi wa usiku, na mwenyekiti akashukuru polisi kwa ushirikiano, ingawa hakuna polisi aliyekuwa amefika. (Chai ilikuwa nzuri, hilo silikatai.)

Mke wangu anataka niandike malalamiko kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa ili polisi wachunguzwe na watu wasio polisi. Nasitasita. Chombo hicho kina vifo na majeraha mabaya ya raia ya kushughulikia, na naona haya kuupeleka mtungi wangu ukapange foleni nyuma ya mzazi anayelilia mwanawe. Kipo pia Kitengo cha Masuala ya Ndani, ambako polisi huwachunguza polisi wenzao. Huko nahofia barua yangu itashuka ngazi moja baada ya nyingine, ikipigwa mihuri, hadi imfikie konstebo yule yule na kalamu yake.

Mimi kwa kweli sihitaji wakubwa wote hawa. Nahitaji jina moja tu, la askari aliyekabidhiwa kesi yangu, ili nimuulize yeye na aache kuniuliza mimi. Jumatatu nitakwenda kulidai jina hilo kwa OCS mwenyewe, na mke wangu ameshachukua pochi yangu, nisije nikashawishika kununua petroli.