Inaingia, Bosi

Ndugu zangu, kitu kisichoingia kabisa sina ugomvi nacho. Unakiona kikubwa au kidogo, unakirudisha dukani, mnaachana kwa amani. Kinachonitoa jasho mimi ni kile kinachokaribia kuingia. Kinakupa moyo, unakaza, unasema "eeeh, sasa hapo!", halafu kinagoma ukiwa umeshainama ndani ya boti, jua la saa saba liko mgongoni na harufu ya petroli imeshakupanda kichwani.

Naizungumzia floti ya tanki. Kwa asiyeijua, ndani ya tanki la mafuta kuna kidude chenye mkono, na kwenye ncha ya mkono kuna boya. Mafuta yakipanda boya linapanda, yakishuka linashuka, na umeme unaopita hapo unabadilika, ndipo mshale wa geji pale mbele unajua useme nini. Ya kwangu ilikufa. Mshale ukalala kwenye nusu, haukuamka tena. Tanki likijaa, nusu. Likikauka, nusu.

Mimi napakia watu Kunduchi, pwani ya Dar, nawapeleka kisiwa cha Mbudya. Abiria wa siku hizi huwezi kumwambia "mafuta yapo" akanyamaza. Anachungulia geji, anamgeukia mwenzake: "Nusu hii, tutarudi kweli?" Na ukichovya kijiti kupima mbele yake ndiyo umeharibu kabisa. Dada mmoja alivua viatu akashuka majini, eti anasubiri boti ya kisasa.

Basi nikaenda Kariakoo. Boti yangu ni mtumba wa Marekani, tanki la alumini limejengewa chini ya sakafu, nikaeleza yote hayo kwa kituo. Yule kijana wa dukani hakuninyanyulia hata macho.

"Hii hapa, bosi. Yunivaso. Inaingia popote."

"Hata kwenye boti?"

"Boti, jenereta, trekta. Inaingia, bosi."

"Tundu ngapi za skrubu?"

"Tano. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu, tano kweli. Na skrubu zake tano ndani ya pakiti, zinang'aa. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Hayo matundu matano yenyewe yana visa vyake. Hayakugawanywa sawasawa kwenye duara. Yamepangwa makusudi ili floti ikae kwa upande mmoja tu, boya lisije likajigonga kwenye ukuta wa tanki. Wazo zuri sana kwa aliyeliwaza akiwa kwenye kiti. Wewe uliyepiga magoti unazungusha, matundu yanakubaliana, moja linakuchungulia pembeni. Unazungusha tena, lile limekubali, mengine yamesusa. Mpaka uupate ule upande mmoja wa halali, goti halina tena ngozi.

Nikaupata. Skrubu za zamani zilikuwa zimeliwa na chumvi, tulizing'oa kwa koleo, kwa hiyo nikachukua zile mpya. Ya kwanza ikashika kwa vidole. Bisibisi, ikasogea kidogo. Ikanata. Ikaganda. Nikajaribu tundu jingine, hadithi ileile: inashika, inanata, inaganda.

Pwani ukiinama tu kwenye boti wataalamu wanaota mchangani. Mmoja anasema paka mafuta ya kula. Mwingine, gonga na nyundo, kidogo tu. Wa tatu kaja na sigara mdomoni, anainamia tanki lililo wazi ili aone vizuri, na nilipomfukuza akanuna, eti najifanya mjuaji. Wa nne ndiye kiboko: "Kaka, pale Mtongani kuna fundi wa kuchomelea, umlete aichomelee moja kwa moja." Tanki la petroli! Nikamwambia ukichomelea hapa Mbudya tutafika wote, tena bila kupanda boti.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, mstaafu wa karakana, ambaye hata sokoni huenda na venia yake mfukoni, kile kipimo cha unene.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Acha kukaza, mwanangu, utang'oa meno ya tanki. Alumini haina msamaha."

Akapima skrubu ya pakiti: milimita 5, na kutoka jino hadi jino milimita 0.8. Akatia miwani, akapima kipande cha skrubu ya zamani: milimita 4.8 na kitu, meno 32 kwa kila inchi, ambayo ukiigeuza kuwa milimita ni 0.79 jino hadi jino. Niliposikia tofauti ya meno ni 0.01 nikataka kucheka. Mzee hakucheka. "Nene yako inataka kuingia tundu jembamba. Ingekuwa kinyume chake, tundu la milimita na skrubu ya inchi, ingeingia ikichezacheza, ukadhani imekaa, ukaja kuijua katikati ya maji."

Halafu akaketi kwenye ukingo wa boti akanipa somo ambalo sikuliomba. Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841 alipendekeza meno ya aina moja kwa viwanda vyote vya kwao, yenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akasema hapana, nyuzi 60 ni rahisi zaidi kuchonga. Mwaka 1898 wa Ulaya bara wakakutana Zurich wakakubaliana ya kwao, ya milimita. Vita Kuu ya Pili ikaja, vipuri vya Waingereza havikai kwenye mitambo ya Wamarekani, ndipo mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikaafikiana meno ya namna moja. Ya inchi. Milimita ikabaki ng'ambo ya pili.

"Hao waliogombana wako wapi, mzee?"

"Walishakufa zamani."

Walishakufa! Na ugomvi wao wameuacha ndani ya boti yangu, Kunduchi, kwenye tanki la lita mia!

Nikazunguka Gerezani kutafuta skrubu za meno 32. Kila duka, "Hiyo hatuna, bosi, chukua hii, inakaribia." Nilikuwa nikilisikia hilo "inakaribia" mkono unaanza kutetemeka. Mwisho nikazipata kwa fundi wa muziki wa maharusi. Kumbe yale makabati ya amplifaya ya Kimarekani yanafungwa kwa skrubu hizohizo. Akaninyofolea tano akiniangalia kwa huruma, nadhani alifikiri nina ukumbi. Zikaingia kwa vidole mpaka mwisho, laini, nikataka kumbusu mtu.

Gasketi, ule mpira wa kuziba mafuta yasivuje, sitaielezea sana. Kijana wangu wa boti alikuwa amekata yake kwa tyubu ya baiskeli, kwamba ile ya pakiti ni nyembamba. Petroli ikaionja usiku mmoja tu, asubuhi ilikuwa imevimba kama andazi. Tukarudisha ya pakiti.

Sasa nyaya. Nikaunga, nikawasha swichi, tanki nimetoka kulijaza. Mshale ukajikokota, ukasimama karibu na tupu.

Mzee akaitwa tena, akatoa kile kidude chake cha kupimia umeme. Jibu: geji ni ya Kimarekani, tanki likiwa tupu inatarajia omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), likijaa 33. Floti ni ya Kizungu cha Ulaya, tupu ni omu 10, ikijaa 180. Yaani wanazungumza, ila mmoja anahesabu akipanda na mwenzake akishuka. "Kwa hiyo si meno tu yaliyokataa kukubaliana?" nikauliza. Mzee akasema na kichwa changu pia.

Geji ya kufanana na hiyo floti bado naitafuta, na kazi haisubiri. Jumamosi nikapakia. Tunaondoka Kunduchi mshale uko chini, abiria wanatazamana. Nikawaambia tulieni, nimejaza. Tunakwenda, injini inakula, mshale unapanda. Tumezunguka kisiwa, wamepiga picha, wamekula pweza wao, tunarudi, mshale unapanda tu. Jamaa mmoja mwenye kofia alikuwa ameukodolea macho safari nzima.

"Nahodha, asubuhi ulisema nauli imepanda kwa sababu gani?"

"Mafuta, kaka."

"Mafuta yapi? Tumeondoka hamna kitu, tunarudi tanki linakaribia kujaa." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu anatudai pesa ya mafuta yanayoongezeka. Turudishiwe chenji hapa."