Acheni Kuwashauri Watu Wakate Tiketi Mbili

Kuna ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Kigoma, na kila kijana akipata nafasi ya kusoma nje unaibuka upya: "Kata ya Dar peke yake, ya nje peke yake, utaokoa hela." Wiki hii umeibuka tena. Safari hii anaambiwa mzazi ambaye mwanawe anakwenda kuanza chuo Ulaya, na watu wazima wanaitikia kwa vidole gumba. Ushauri huu unawatia watu hasara, na wanaoumia zaidi ni wale wasio na hela ya kulipa mara ya pili.

Ukiwa na tiketi mbili una mikataba miwili isiyojuana. Ndege ya kutoka Kigoma ikichelewa kwa saa 5, shirika la pili halina habari nawe. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Kiti cha kwenda kinafutwa, na kwa kawaida cha kurudi nacho kinafutwa hapo hapo. Ukitaka kusafiri utalipa faini ya kutotokea, ada ya kubadili tarehe, na tofauti ya nauli kwa bei ya siku hiyo. Kwenye nauli za chini kabisa, ambazo ndizo wengi wetu tunanunua, mara nyingi unachorudishiwa ni sehemu ya kodi tu. Ukiwa na tiketi moja kutoka Kigoma hadi mwisho, ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi yao kukupangia inayofuata bila kukudai senti, na ukilazimika kulala njiani, chakula na hoteli unadai kwao.

Tena kipande cha Kigoma hadi Dar ndicho dhaifu kuliko vyote katika safari nzima. Ile ndege ya pangaboi, Q400, inayotuletea abiria wasiozidi 76 haikai ikitusubiri sisi. Siku hiyo hiyo inakwenda vituo vingine, na mara nyingine inapita Tabora kwanza. Ikikwama dakika 40 asubuhi na nyingine 30 mchana, zote zinatufikia sisi huku mwisho wa reli. Masika yakishuka na mawingu yakakaa chini, rubani anasubiri au anarudi. Huo ni usalama wetu, hatuna la kulalamika. Tunachoweza ni kuhakikisha gharama ya kusubiri haitudondokei sisi.

Utajuaje kuwa tiketi ni moja? Usiangalie karatasi, maana wakala anaweza kuchapa safari zote kwenye karatasi moja na bado zikawa tiketi mbili. Tafuta namba ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Vipande vyote viwe chini ya namba hiyo. Namba moja hubeba vipande 4 tu, yaani ndege 4, kwa hiyo kwenda na kurudi kupitia Dar na Doha, ambavyo ni vipande 6, itakupa namba mbili zinazofuatana. Hiyo ni sawa, bado ni tiketi moja. Ukiona tarakimu tatu za mwanzo zinatofautiana, umeuziwa mbili. Mwambie wakala hivi kabla hujatoa hela: "Nataka tiketi inayoanzia TKQ." Hiyo ndiyo alama ya Kigoma, Tabora ni TBO.

Kuna faida nyingine ambayo wanaoshauri hawaisemi: mizigo. Kwenye tiketi moja, kwa kawaida kiwango cha mizigo cha safari ndefu ndicho kinachotumika tangu Kigoma. Kama tiketi inasema mabegi mawili ya kilo 23, unayapeleka yote mawili kwenye kaunta pale pale. Kwenye tiketi mbili, begi la pili unalipia ziada Kigoma, na Dar unayachukua yote, unatoka nje, unahamia upande wa safari za nje na kupanga foleni upya. Kaunta za safari ndefu hufungwa kama dakika 60 kabla ya ndege kuondoka.

Ukikabidhi begi, usiondoke kabla hujasoma kile kibandiko kirefu kinachozungushwa kwenye mpini. Herufi tatu kubwa kuliko zote ni mahali begi linapoishia. Kama unakwenda London na zile kubwa zimeandikwa DAR, begi litashushwa Dar na kuzunguka kwenye mkanda wakati wewe uko angani. Mwombe mhudumu alibandike upya hapo hapo, na kile kipande kidogo chenye namba kihifadhi mpaka ufungue begi nyumbani unakofikia.

Onyo moja kwa wenye tiketi moja: usikipuuze kipande cha kwanza. Wapo wanaoamua kushuka na treni au basi ili wapitie kwa ndugu Morogoro, wakidhani wataidaka ndege Dar. Usipopanda Kigoma, mfumo unafuta vyote vilivyobaki.

Nakubali, tiketi mbili wakati mwingine ni nafuu kweli. Na yapo mashirika ambayo hayana makubaliano na ndege zetu za ndani, hivyo tiketi moja haipatikani. Basi hapo usiunganishe siku hiyo hiyo. Fika Dar siku nzima kabla, na kama unatumia reli, yenye kilomita zaidi ya 1,200 kutoka hapa, ongeza siku nyingine juu yake. Gesti na chakula uvipigie hesabu kama sehemu ya nauli, halafu linganisha tena. Ule unafuu mara nyingi unayeyuka.

Kosa lingine linalowaacha watu ni saa. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, na kila saa ni ya mahali pale. Ikiandikwa tarehe 15, 03:25, hiyo ni saa 9 na dakika 25 usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa uwe tarehe 14 kabla ya usiku wa manane. Mwenye kusubiri jioni ya tarehe 15 ameshaachwa.

Cheti cha homa ya manjano usikiache. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na zipo nchi zinazokidai hata kwa aliyesubiri Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa 12.

Kuhusu kiti cha ikonomi, chagua cha pembeni mwa njia kama una miguu mirefu au unaamka mara kwa mara, na epuka safu ya mwisho karibu na vyoo. Ndani hewa ni kavu na shinikizo ni kama la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mwenye selimundu aonane na daktari kabla ya kukata tiketi. Safari ya ndege ikizidi muda wa saa 4, hatari ya damu kuganda miguuni inaongezeka, kwa hiyo kunja na kunjua nyayo na inuka utembee. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake.

Mawese yasiwe mkononi. Hata yakipita Kigoma, kwenye ukaguzi wa kuunganisha ndege kikomo kwa kawaida ni chupa ya mililita 100, na lita yako itaishia kwenye pipa. Yaweke kwenye begi kubwa: chupa ngumu, usijaze hadi mdomoni, ibinye kidogo kabla ya kufunga kwa sababu hewa hutanuka angani, kisha mifuko miwili juu yake. Dagaa wakauke kabisa na wakae kwenye ndoo yenye mfuniko uliozungushiwa utepe wa gundi. Umoja wa Ulaya unaruhusu samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yako, na asali ya Tabora kilo 2. Nyama na maziwa kutoka huku havipiti.

Begi lisipotokea, usitoke ukumbini kabla ya kuandikisha ripoti na kupewa namba yake. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege na mizigo yao, begi lililoharibika unalalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Siku 21 zikipita halijaonekana, linahesabika limepotea na unadai fidia, kwa hiyo risiti za sabuni, nguo na vitu vya lazima ulivyonunua ukilisubiri ziweke pamoja na kile kipande kidogo cha kibandiko.