Kwenye picha, kuziba sawa, kufuta hapana

Msimu wa korosho ukishafunguka huku kusini mwa Tanzania magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za karatasi, huyu wa Tandahimba kapiga stakabadhi yake, yule wa Nachingwea kaweka skrinshoti ya meseji ya benki, na karibu zote zimefichwa fichwa, akaunti imewekewa ukungu, jina limepigwa wino, salio limekaliwa na emoji. Hapo ndo ubishi unapoanza. Wengine wanasema anayeficha ana lake jambo, wengine wanasema usalama kwanza.

Mi wa usalama nawaelewa kabisa. Tapeli akishapata jina lako kamili, namba ya simu na kiasi ulicholipwa juzi, anakupigia anajifanya mtu wa benki na anakutajia kila kitu, utakataaje? Na sio karatasi tu, watoto wakitoka jando watu wanarusha sura zao status siku nzima, mtoto hajaulizwa wala hajui picha imefika wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 lakini kwenye simu zetu ni kama haipo.

Shida ni kwamba wengi wanaficha kwa njia ambayo haifichi. Ule ukungu na vile vimraba vinatengenezwa kwa kuchanganya rangi za eneo dogo ziwe rangi moja, sasa kwa namba ya akaunti hiyo ni hatari maana tarakimu zipo 10 tu na mtindo wa herufi za benki unajulikana, mtu anaandika 0 mpaka 9, anazipitisha kwenye vimraba vilevile, analinganisha moja moja mpaka inakubali. Mwaka 2020 ilitoka hadi programu ya bure ya kazi hiyo, inaitwa Depix. Na kuna yule mwanaume aliyekuwa anatafutwa kwa kudhalilisha watoto, alizungusha sura yake kwenye picha ikawa kama maji yanayokorogwa, polisi wa Ujerumani wakaizungusha kinyumenyume, Interpol ikaisambaza na 2007 akakamatwa Thailand. Kwake yeye ilikuwa heri ikafunguka, lakini hata picha yako ukiizungusha hivyo inafunguka vilevile.

Kalamu ya kwenye simu nayo, ile ya kukolezea maandishi, unapaka unaona nyeusi tii kumbe inapitisha mwanga, mtu akiongeza mwanga wa picha namba zinatokea. Hata kukata picha kuna wakati hakukusaidia, simu za Google Pixel zilikuwa na kasoro, sehemu uliyokata ilikuwa inabaki ndani ya faili na inaweza kurudishwa, ikarekebishwa Machi 2023.

Sura iliyowekewa ukungu au vimraba, sio ya kuzungushwa, ni habari nyingine. Hizi programu za akili bandia zinazodai zinaondoa ukungu hazirudishi sura, zinabuni. Mwaka 2020 ile ya Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani ilipewa picha ya Obama yenye vimraba ikatoa mzungu! Kwahiyo mtu akija na picha "iliyosafishwa" akasema mwizi ni fulani, msimguse huyo fulani jamani.

Sasa hawa wanaotilia shaka, na wao wana haki. Kilo ngapi, bei ya mnada, makato kwa kila kilo, jina la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), hivyo ni vya wote, kiongozi akiposti mchanganuo halafu sehemu ya makato kaipaka wino hapo siwezi kumtetea, aseme kwanini. Ila angalau wino unaonekana na watu wanaweza kuuliza. Kinachonitisha zaidi ni kile kifutio cha kwenye simu mpya, unagusa kitu kinapotea na nyuma panajazwa kama hakikuwepo. Urusi ya Stalin walifanya hivi kwa mkono, Nikolai Yezhov mkuu wa polisi wa siri aliuawa 1940 na kwenye picha aliyosimama kando ya Stalin pembeni ya mfereji akaondolewa, pakachorwa maji. Leo kazi hiyo anaweza yeyote hapa Shangani Mtwara akiwa kwenye bajaji, na aliyetumiwa picha hajui hata kama kuna cha kuuliza.

Kwahiyo mi nipo na wanaoziba ila wazibe kikweli. Chora boksi jeusi lililojaa kabisa, emoji achana nayo maana inaacha kingo, kisha piga skrinshoti na utume hiyo skrinshoti, ile ya mwanzo usiitume kabisa hasa kama dokyumenti, kwa sababu hapo inaenda na kila kitu chake mpaka mahali ilipopigwa kama lokesheni ilikuwa imewashwa. Jina, akaunti na simu ziba, kilo na makato acha. Akitokea mtu haamini, karatasi yenyewe ipelekwe ofisi ya AMCOS mbele ya katibu na wajumbe waione kwa macho yao.