Kabla hamjachangia mashine ya kuoshea kamera

Kila nikirudi likizo, wenzangu wa zamani wa chumba cha endoskopi, cha kumchunguza mgonjwa ndani ya mwili kwa kamera ndefu ya kujikunja, hunipokea kwa swali lile lile: "Huko kwenu mashine inaosha yenyewe, siyo?" Hiyo "huko kwenu" huniuma kidogo. Na hapana, haioshi yenyewe.

Mashine tunayo, sikatai. Nyumbani tulikuwa na beseni la glutaraldehaidi ya asilimia 2, dawa ya kuua vijidudu, dakika 20 kwa saa ya ukutani, macho yanawasha. Harufu ile siitamani. Lakini usalama wa mgonjwa anayefuata huamuliwa kabla ya mashine, kwa mikono, huku na kule. Kamera ikitoka tu tumboni, unaivutisha maji ya sabuni palepale kitandani, ute usije ukakauka. Unaipima kama inavuja. Unapitisha brashi kwenye mirija yake mpaka itoke safi. Ukiruka hapo, glutaraldehaidi inaugandisha uchafu wa protini ndani ya mrija, na bakteria wanajijengea utando ambao dawa haiupenyi kirahisi. Kuitia kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 134 ndiyo usiseme, kamera nyingi za kujikunja zingeharibika.

Wenye mashine nao yamewakuta. Kati ya 2013 na 2015, hospitali kadhaa za Marekani ziligundua bakteria sugu wanahamishwa na duodenoskopu, zile kamera za kufikia mfereji wa nyongo. Baadhi zilikuwa zimeoshwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Tatizo lilikuwa kwenye kijikono cha nchani, chenye vipenyo ambavyo brashi haivifikii vizuri.

Ninachokionea fahari huku ni kukausha. Kule tulisuuza, tukafuta nje kwa kitambaa, na kamera ya mwisho ya siku ikalala imekunjwa kwenye sanduku lake la sponji, maji yamo ndani. Sanduku lile ni la kusafirishia! Sisi tuliligeuza kabati, na hakuna aliyeuliza, nikiwemo mimi. Huku tunapitisha spiriti, tunapuliza hewa safi kila mrija, kisha tunaining'iniza wima mpaka kesho.

Kwa hiyo kikundi chetu cha ughaibuni kilipotaka kuchangia mashine ipelekwe nyumbani, nilipinga. Mashine inataka vichujio vyake, dawa yake na fundi wake. Vikikosekana inageuka meza ya kuwekea mafaili. Kule kasoro si uvivu wala ujinga. Ni kamera mbili kwa foleni ya wagonjwa ishirini, daktari yuko mlangoni anauliza "Bado tu?", na anayeosha anakata kona kwenye brashi kwa sababu ndipo pasipoonekana. Leteni brashi za kutosha, pampu ya hewa, na kamera ya tatu ili mwoshaji apate muda wake.

Wengine walinuna, kamera haipendezi kwenye picha ya makabidhiano kama mashine. Brashi zimeshanunuliwa. Kamera bado tunabishana.