Aliyetiliwa Dawa Katika Kinywaji Si Mtu wa Kuchekwa

Katika baa nyingi huku Uingereza, kwenye mlango wa choo, hubandikwa tangazo linalomwambia mteja kwamba akihisi yuko hatarini aende kaunta amuulizie Angela, jina la siri tu la kuombea msaada, na wahudumu watajua la kufanya: watamtenga na anayemtisha, watamwitia teksi au polisi. Utaratibu huo ulianzia Lincolnshire mwaka 2016. Kila nikiliona tangazo hilo hufurahi, kisha hukasirika, kwa sababu kulibandika kwetu hakungehitaji zaidi ya karatasi na gundi, pamoja na mwenye baa anayejali.

Kwetu mtu akiwekewa mchele, yaani dawa ya kumlevya kinywajini, hakuna anayeuliza ni nini kilichotiwa katika glasi. Huulizwa yeye: ulikuwa na nani, ulikunywa chupa ngapi, ulifuata nini usiku ule? Akiwa mwanamke, huambiwa alijitakia. Akiwa mwanamume aliyezinduka alfajiri bila simu wala viatu, na akiba yake imekombwa yote, huchekwa na rafiki zake mpaka anaapa kwamba alilewa tu.

Kicheko hicho ndicho kinachowaficha wahalifu. GHB, mojawapo ya dawa zinazotumiwa, haina rangi na hutoweka katika mkojo kwa muda wa saa 12 hivi, kwa hiyo anayekaa siku mbili akiona haya kwenda hospitali huwa amekwisha kuupoteza ushahidi. Tena mara nyingi kinachoongezwa si dawa bali ni pombe kali, na hapo kauli ya "alilewa tu" humfaa sana aliyeimimina.

Najua nitaambiwa kwamba nimefika majuu nikaanza kuwadharau wenzangu. Sijasema huku ni salama. Katika vuli ya mwaka 2021 wanafunzi wa miji kadhaa, Edinburgh na Nottingham ikiwamo, walisusia vilabu vya usiku kwa sababu ya uovu huu huu. Na ingawa sheria ya mwaka 2003 inaweza kumfunga hadi miaka 10 anayemtilia mtu dawa kwa nia ya kumdhulumu kingono, mashauri mengi hayafiki mahakamani. Na ninyi mnaosema dawa yake ni kukaa nyumbani usiku, mbona aliyeporwa sokoni hamumwambii aache kununua chakula?

Isitoshe, kwetu tuna hazina ambayo huku ni adimu. Huku nimemwona msichana akiyumba peke yake barabarani, watu wakimpita kana kwamba hawamwoni. Kwetu mlinzi wa mlangoni huwajua wateja kwa majina, na hujua nani alikuja na nani. Ndiye anayemwona mtu aliyeingia akitembea vizuri akitolewa nje amebebwa na asiyemfahamu, anayedai kuwa ni ndugu yake, na kinachomzuia kuuliza ni hofu kwamba mwajiri atamfukuza kwa kuwasumbua wateja. Wenye baa, mpeni mlinzi huyo ruhusa ya kuwazuia mlangoni mpaka ukweli ujulikane.