Altaneta si dainamo

Ninaomba altaneta, mashine inayozungushwa na injini ya gari ili kuzalisha umeme na kuchaji betri, iitwe kwa jina lake. Katika gereji zetu bado wapo mafundi wanaoiita dainamo, na nikiambiwa kwamba hilo ni jina tu hukataa, kwa sababu anayeiita dainamo mara nyingi huipima pia kama dainamo: injini ikiwa inanguruma, anachomoa kichwa kimoja cha betri, na gari lisipozimika anatangaza kwamba inachaji.

Jina la jenereta silipingi sana, kwa kuwa hata mashine za kituo cha umeme cha Kidatu, Tanzania, zinazozungushwa na maji ya Ruaha Mkuu ni altaneta kwa asili yake. Dainamo ni kitu kingine. Yenyewe ilitoa mkondo mnyoofu, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, tena ilichaji kwa shida injini ilipozunguka polepole. Altaneta, ambayo kampuni ya Chrysler ya Marekani iliifunga katika Valiant ya mwaka 1960, huzalisha mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, na ndiko lilikotoka jina lake. Kisha diodi zilizomo ndani yake, vipande vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, huunyoosha umeme huo kabla haujafika kwenye betri. Betri nayo hutuliza volti za mfumo mzima, kwa hiyo ukiichomoa ghafla volti hupanda kufumba na kufumbua, na diodi, au hata kompyuta ya gari, huweza kuungua.

Mimi mwenyewe taa nyekundu ya betri iliniwakia kwenye dashibodi, fundi akachomoa kichwa cha betri, gari halikuzimika, akaniuzia betri mpya. Siku tatu baadaye nilikwama usiku katikati ya mlima, taa zikififia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Fundi umeme wa pili hakuchomoa chochote. Aligusisha ncha mbili za mita kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa inanguruma, akanionyesha volti 12.1, ilhali altaneta nzima hutoa takriban kati ya 13.5 na 14.5. Alipoifungua aliniwekea kiganjani kaboni mbili, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilizolika hadi kubaki kama punje za mahindi. Akafunga mpya, akakaza mkanda, mita ikasoma 14.2. Betri yangu ya zamani, niliyoiacha kwa yule fundi wa kwanza, huenda haikuwa na kosa lolote.