Prosesa yangu na dogo wa fildi

Jamani wenye kuandika Java, anotesheni prosesa, yaani programu inayosoma lebo (anotesheni) zilizobandikwa kwenye kodi, ni kiumbe cha ajabu sana. Niliandika yangu ofisini hapa Dar, kazi yenyewe ndogo tu, inasoma klasi zenye anotesheni yetu halafu inazalisha klasi za fomu ili tusiziandike kwa mkono. Ikaanza kutoa erori eti najaribu kutengeneza tena faili ambalo lishatengenezwa. Poa, nikaweka brekipointi, kile kidoti cha kuisimamisha kodi, kwenye mstari wa kwanza wa process, metodi kuu ya prosesa, nikabonyeza dibagi, Eclipse ninayoandikia kodi ikaniuliza projekti ina erori niendelee tu, nikasema wee endelea, programu ikawaka vizuri na kidoti changu cha bluu kimekaa palepale hakuna aliyekigusa.

Kumbe prosesa inafanya kazi ndani ya javac, kompaila ya Java, wakati wa kukompaili, programu inapoanza kwenye main prosesa ishamaliza zamani ishaondoka.

Jamaa wa timu akaniambia tumia mvnDebug. Ni Maven ileile ya kujengea projekti, ila inawaka ikiwa imesimama, inafungua poti 8000 na haifanyi chochote mpaka dibaga, kwangu mimi Eclipse, ije iunganishwe. Hilo la mwisho sikulisikia kwa sababu jamaa alikuwa anatafuna muhogo. Basi nimekaa naangalia terminali, imeandika mstari mmoja imenyamaza, nikajua ndo inapakua laibrari, intaneti yetu si mnaijua, nikaenda chai nikarudi, kimya. Tulikuwa kama wageni wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe.

Nikaja kuunganisha Eclipse kwenye poti 8000, Maven ikakurupuka, ikakimbia, ikamaliza. Haikusimama popote! Kusoma vizuri inasema hakuna cha kukompaili, klasi zote ziko sawa, na kama hakuna cha kukompaili basi javac haiitwi na prosesa haiitwi. Dawa yake unaongeza clean ili ianze upya.

Nikaongeza. Ikasimama!! Aisee nilipiga kelele mpaka wa uhasibu wakachungulia. Nikaanza kupita mstari kwa mstari na tatizo likajianika lenyewe, javac haiiti process mara moja tu, inaiita kwa raundi, ukizalisha faili jipya inarudi raundi nyingine kuangalia kama na hilo lina anotesheni. Raundi ya pili seti ya anotesheni ilikuja tupu kabisa, ila kodi yetu ilikuwa inaandika faili bila hata kuangalia, na Filer, ile ya kutengenezea mafaili ya prosesa, haikubali klasi moja iandikwe mara mbili. Nikaiacha ikiwa imesimama hapohapo kwenye raundi ya pili, ushahidi wote uko kwenye skrini, nikaenda kumwita bosi aje aone maana alikuwa anauliza tangu asubuhi.

Tunarudi naye, dogo wa fildi amekaa kwenye kiti changu anatabasamu. "Shikamoo bosi. Braza, ile terminali yako ilikuwa imeganda, nimeipiga Ctrl+C nikaizima, usijali nimekusaidia."

Sikumjibu kitu. Bosi akaangalia skrini tupu, akaniangalia mimi, akasema nikiwa tayari nimwite tena.

Nikawasha upya, safari hii nikabandika karatasi kwenye kioo, HAIJAGANDA INASUBIRI USIGUSE, nikakaa hapohapo mikono kifuani nailinda. Dogo akapita, akasoma karatasi kwa sauti, akauliza kwa heshima zote, "Braza, inasubiri nini?" Nikamwambia inanisubiri mimi niunganishe. "Na wewe?" Nikamwambia namsubiri bosi.

Bosi kumbe yuko nyuma yetu muda wote. "Bosi yupo hapa anakusubiri wewe. Sasa hapa aliyeganda ni nani?"